Kiti Kisicho na Msumari

Msiba ukitokea mtaani, mara nyingi viti vya plastiki hushushwa kutoka kwenye kirikuu kabla hata jeneza halijafika. Huja vimebebana kama sahani, na kijana mmoja huteremsha kadhaa kwa mkupuo. Hakuna anayevitazama.

Kipindue kimoja. Hakina msumari wala gundi. Plastiki yake ina unene wa milimita chache tu. Ingekuwa bapa, ingepinda papo hapo chini ya mtu mzima. Kinachombeba mkaaji ni mikunjo: miguu imekunjwa pembe, ukingo wa kikalio umeinamishwa, mikono na mgongo vimeshikana kwa mzunguko mmoja ili uzito ugawanyike. Hata matundu ya mgongoni yana kazi: yanapunguza malighafi na kupitisha hewa.

Wabunifu wa Ulaya, akiwemo Verner Panton wa Denmark, walikwisha kuunda viti vya plastiki vya kipande kimoja, lakini vilikuwa vya wenye nazo. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet akatoa kiti alichokiita Fauteuil 300: polipropilini iliyoyeyushwa inasukumwa kwenye kalibu ya chuma, inapoa, kiti kinatoka kizima chini ya dakika 2. Kalibu ni ghali mno, kwa hiyo mwenye kiwanda hana budi kufyatua viti maelfu kwa maelfu, na bei ikashuka.

Lawama yangu ni moja: kimemnyima fundi kazi. Stuli ya mninga ikilegea mguu, hugongwa kabari ikaendelea. Hiki, jua likishakidhoofisha, hupasuka ghafla, na kama kuna haki duniani basi si chini ya mjomba mnene. Baada ya hapo ni kushonwa kwa waya, au kupimwa kilo kwa wanunuzi wa plastiki chakavu.

Mji wa Basel, Uswisi, ulivipiga marufuku viti hivi kwenye maeneo ya umma hadi 2017. Mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka, makumbusho ya Vitra huko Ujerumani yalikifanyia maonyesho.

Aliyekielewa kuliko wote, kwangu mimi, ni mhandisi Mmarekani Don Schoendorfer, mwanzilishi wa Free Wheelchair Mission. Alikifunga kiti cheupe cha bustanini kwenye fremu ya chuma, akakitia magurudumu ya baiskeli, kikawa kiti cha mlemavu asiyemudu cha dukani. Kikalio na mgongo vilikuwa vimeshabuniwa, tena vinaoshwa kwa maji. Aina iliyofuata ililetwa kwa vipimo tofauti, maana kiti cha kipimo kimoja kwa watu wote kilikuwa kikubwa mno kwa mtoto.