Filamu Iliyokimbia Swali Lake

Prakash Jha alipoitoa filamu yake ya Aarakshan mwezi Agosti 2011, majimbo ya Uttar Pradesh, Punjab na Andhra Pradesh yaliipiga marufuku. Jina hilo lahusu kutengewa nafasi, yaani mgao wa masomo na kazi kwa matabaka yaliyodhulumiwa. Kelele zote hizo, kumbe filamu yenyewe inalikimbia swali lake!

Nusu ya kwanza inabishania mgao. Ya pili inausahau na kugeuka vita dhidi ya wauzaji wa masomo ya ziada. Hoja zinahubiriwa badala ya kuigizwa, na mwishowe mfadhili wa chuo anajitokeza ghafla kuokoa kila jambo.

Anayemzuia mtazamaji asiondoke ni Amitabh Bachchan. Yeye ni Prabhakar Anand, mkuu wa chuo anayepoteza cheo na nyumba, kisha akawafundisha watoto maskini bure katika zizi la ng'ombe. Mabega yake yaliyochoka yanasema zaidi ya hotuba alizoandikiwa.

Mwalimu wa Ishiara, kule Mbeere Kaskazini, atamtambua upesi. Kenya nayo ilianzisha mgao wake mwaka 1985, asilimia 85 ya nafasi za shule nyingi za upili zikitengewa wanafunzi wa wilaya husika. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza masomo ya likizo. Je, mtoto wa mkulima wa ndengu anasaidiwa na mgao, au na mwalimu asiyemdai karo? Jha aliuliza, kisha akaenda zake. Bachchan peke yake ndiye aliyebaki darasani.