Kwa Nini Fomu Zetu Hazina Safu ya Kabila

Katika robo mwaka iliyopita wafadhili wetu wawili, kwa nyakati tofauti, walituuliza swali moja. Walikuwa wakipitia fomu tunayotumia kuandikisha kamati za miradi. Waliona safu ya jinsia, ya umri na ya ulemavu, wakauliza: mbona hakuna safu ya kabila? Mtajuaje kwamba makundi yote yameshirikishwa? Wajumbe wa kamati za sharika tuliowaeleza swali hili walicheka. Mmoja alisema kwamba fomu ikianza kuuliza kabila, yeye hatajaza.

Swali la wafadhili ni la haki na kicheko cha wajumbe kina sababu yake. Tumeona tueleze jambo hili kwa kirefu kidogo, maana linahusu namna Mtanzania anavyojiona, na pia linahusu maji, madarasa na fedha za miradi yetu.

Umoja uliotengenezwa

Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Wasukuma ndio wengi kuliko wote, lakini hawakaribii hata nusu ya wananchi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Butiama, kwa Wazanaki, ambao ni kabila dogo. Watu wengi husema bahati hiyo ndiyo iliyotuokoa. Sisi tunaona kwamba bahati ilisaidia, lakini kazi ilifanywa na watu, kwa hatua zinazojulikana.

Ya kwanza ni Kiswahili. Misafara ya biashara ilikipeleka bara, na serikali ya Wajerumani ikakitumia katika ofisi na shule zake. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilifanya mikutano yake kwa lugha hiyo kila mkoa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ikawa lugha ya taifa, na kuanzia mwaka 1967 ikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma. Kwa kuwa haikuwa mali ya kabila lolote kubwa la bara, hakuna aliyejiona ameshindwa kwa kuizungumza.

Hapa ni lazima tuseme ukweli kuhusu nyumba yetu wenyewe. Wamisionari wengi wa Kilutheri walihubiri kwa lugha za wenyeji: Kichaga, Kisambaa, Kihaya na nyinginezo. Nia ilikuwa njema, mtu alisikie Neno kwa lugha aliyolelewa nayo. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kila kanisa lilionekana kuwa la watu fulani. Ilikuwa tarehe 19 Juni 1963 ndipo makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT, mwaka mmoja na nusu tu baada ya taifa kujitawala. Hata leo ukiweka ramani ya dayosisi kando ya ramani ya makabila utaona baadhi ya mipaka inakaribiana, na migogoro ya kugawana maeneo haijakosa harufu hiyo.

Hatua nyingine zilifuatana haraka. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yaliondolewa kisheria, na mwaka huohuo Jeshi la Kujenga Taifa likaanzishwa. Vijana waliofaulu walipelekwa sekondari mbali na kwao: wa Bukoba akasoma Songea, wa Mtwara akasoma Tabora. Walimu, wauguzi na mabwana shamba walipangiwa kazi mikoa ya mbali, wakaoa na kuolewa hukohuko. Wengi wetu tunaosoma jarida hili ni watoto wa ndoa hizo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sheria ilikataza chama kusajiliwa kwa msingi wa kabila, dini au eneo. Na sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuliza mtu ni wa kabila gani.

Si yote yaliyokuwa mazuri. Kuhamishiwa vijijini kati ya mwaka 1973 na 1976 kulichanganya watu, lakini wengi walihamishwa kwa nguvu na wakapoteza nyumba na mashamba. Wazee katika baadhi ya sharika zetu wanalikumbuka hilo kwa uchungu, na hawapendi kusikia likitajwa kama sehemu ya umoja.

Tena hatusemi kwamba kabila lilifutwa. Utani upo. Mzaramo na Mnyamwezi wana utani uliotokana na safari za misafara, Mchaga na Mpare vivyo hivyo, na mtani akifika msibani atafanya vituko ambavyo mgeni atadhani ni matusi. Kabila likiwa jambo la kutaniana, huwa vigumu kulifanya jambo la kugombania kisima.

Kilichoonekana Busia na Meatu

Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za mashambani katika eneo pana la Ziwa Victoria: Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia wanaishi Waluhya, Wateso na Waluo. Meatu Wasukuma ni wengi, wakiishi na Wanyisanzu, Wataturu na wengineo. Aliangalia mambo ambayo kamati zetu zinayajua vizuri, yaani michango ya shule za msingi na utunzaji wa visima.

Upande wa Busia, mahali palipochanganyika makabila palichanga kidogo kuliko mahali pa kabila moja, na visima vilitunzwa vibaya zaidi. Upande wa Meatu hapakuwa na tofauti ya namna hiyo. Vijiji vilivyochanganyika havikuwa nyuma ya vingine. Mtafiti alieleza kwamba tofauti ilitokana na sera za kujenga taifa zilizofuatwa kila upande wa mpaka.

Ni utafiti mmoja na wilaya mbili, hivyo tusiuchukue kama neno la mwisho. Wala tusiutumie kuwadharau jirani zetu. Mkenya anaipenda nchi yake. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni chini ya saa mbili mjini Vienna mwaka 2019, nchi nzima ilishangilia. Tatizo lao halikuwa kukosa fahari ya taifa. Lilikuwa hofu kwamba ardhi, kazi na barabara zitagawanywa kwa kufuata kabila la aliye madarakani, na hofu hiyo ndiyo iliyolipuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha.

Kenya ikachagua njia nyingine ya kujitibu: kuhesabu waziwazi. Sheria ya mwaka 2008 inasema taasisi ya umma isiajiri zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka jamii moja. Sheria hiyo haiwezi kufanya kazi bila kuuliza kabila, na sensa yao ya mwaka 2019 iliuliza. Kwa hiyo mfadhili anayetaka safu ya kabila hakosei kifikra. Asiyehesabu anaweza asione anayeachwa nje.

Hilo lilitupata sisi wenyewe.

Pampu iliyokaa miezi minane

Katika kijiji kimoja cha mradi wetu wa maji, kamati ilichaguliwa baada ya ibada ya Jumapili. Fomu ilijazwa vizuri: wanaume wanne, wanawake watatu, vijana wawili kati yao. Tukaisaini ofisini. Hatukugundua kwamba wajumbe wote saba walitoka katika familia za wenyeji wa zamani, na kwamba wafugaji waliohamia miaka ya karibuni, karibu theluthi ya kijiji, hawakuwa na mtu hata mmoja. Muhtasari uliandikwa kwa Kiswahili lakini mazungumzo yenyewe yalifanyika kwa lugha ya wenyeji. Wahamiaji walichangia kwa miezi michache, wakaacha. Pampu ilipoharibika mfuko ulikuwa mtupu, ikakaa hivyo miezi minane.

Tulipoitisha mkutano tuliambiwa na mama mmoja wa upande wa wafugaji: "Fedha zetu mnazielewa, maneno yetu hamyaelewi." Kosa lilikuwa letu kama ofisi kuliko la kamati.

Tulijadiliana sana kama tuongeze safu ya kabila. Tuliamua tusiiongeze. Safu hiyo ikishaingia katika karatasi ya mradi, kiti cha kamati kinakuwa mali ya kabila, na mjumbe anaanza kuwajibika kwa watu wake badala ya kijiji. Aliyezaliwa na baba Mgogo na mama Mchaga hajui aandike nini. Badala yake tumeongeza mambo matatu: kitongoji anachotoka mjumbe, miaka aliyoishi kijijini, na lugha iliyotumika katika mkutano. Kila kitongoji kinatoa wajumbe wawili, mkutano unaendeshwa kwa Kiswahili, na asiyekijua vizuri anatafsiriwa. Hesabu zinabandikwa kanisani na ofisi ya kijiji pia, kwa sababu si wote wanaotumia maji ni washarika wetu.

Wafadhili wanaweza kuuliza kama huku si kukwepa jambo. Kwa sehemu ni kweli. Njia hii haitaonyesha kila ubaguzi, hasa mahali ambapo watu wa makabila mbalimbali wanaishi kitongoji kimoja.

Njia ya Tanzania ina gharama nyingine pia. Lugha za makabila hazifundishwi shuleni, na watoto wengi wa mjini hawawezi kumsalimu bibi yao kwa lugha yake. Wapo wanaodhani kwamba kuipenda lugha ya kwao ni ukabila. Tunakataa hilo. Wazanzibari wana serikali na bendera yao ndani ya Muungano wa mwaka 1964, na ingawa mjadala wa Muungano haujaisha, Mzanzibari haambiwi asijione Mzanzibari. Septemba 2021 machifu wa Kisukuma walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, kwa jina la Chifu Hangaya. Na kule Bujora, sikukuu ya Bulabo inakusanya maelfu kila mwaka kutazama ngoma za Wagika na Wagalu. Kwaya zetu nazo ziendelee kuimba kwa lugha za nyumbani. Tunachoomba ni kwamba hesabu za mradi zisomwe kwa lugha ambayo kila mchangiaji anaielewa.

Fomu mpya zitafika sharika zote pamoja na jarida hili. Kamati zilizochaguliwa kabla ya mwaka huu zijaze upya zikishirikiana na mwenyekiti wa kijiji, na kuzirudisha kwa Mkuu wa Jimbo. Katika kijiji tulichokitaja, uchaguzi ulirudiwa. Mweka hazina wa sasa ni yule mama wa upande wa wafugaji, na pampu inatoa maji.