Rekodi za Unguja: Kongwe, Fupi, Refu na Iliyoenea

Kabla ya Dar es Salaam kuwa jiji, pembe, karafuu na watumwa wa pwani ya Afrika Mashariki vilipitia bandari ya Unguja. Kisiwa hicho kimeacha rekodi ambazo nyingine bado unaweza kuzigusa kwa mkono.

Maandishi ya kale. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, mihrabu ina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe. Yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani nzima ya Waswahili.

Vita vifupi kuliko vyote duniani. Agosti 27, 1896. Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza. Manowari zao zilianza kupiga saa tatu na dakika mbili asubuhi. Hata saa nne haijafika, vita vimekwisha. Upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Ufupi wake haukupunguza msiba.

Jengo refu. Beit al-Ajaib, la Sultani Barghash, 1883: refu kuliko yote katika Mji Mkongwe, na la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme. Mizinga ya 1896 haikuliangusha. Desemba 25, 2020, sehemu yake ya mbele iliporomoka, watu wawili wakafariki.

Lahaja iliyoenea. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Maneno ya lahaja hiyo leo yanafundishwa darasani Mwanza na Kisumu.

Lugha hulindwa kwa kusemwa. Mawe yanataka mkono. Nyumba za Mji Mkongwe, Urithi wa Dunia tangu 2000, ni za matumbawe, chokaa na boriti. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta na boriti huoza kimyakimya. Wewe unayekaa humo, ziba paa kabla ya masika. Piga lipu ya chokaa, si ya saruji inayofungia unyevu ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Beit al-Ajaib limetuonyesha gharama yake.