Nafaka ya Mgawo: Kutoka Ghalani hadi Chunguni

Mwaka 1943 jimbo la Bengal nchini India, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, lilikumbwa na njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na milioni 3. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa sababu yake ilikuwa upungufu wa chakula. Lakini mwaka 1981 mtaalamu wa uchumi Amartya Sen alieleza kuwa chakula kilichokuwapo Bengal mwaka ule kilizidi kile cha mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa. Kilichopungua ni uwezo wa kununua. Vita vilipandisha bei ya mchele, na ujira wa vibarua wa mashambani haukupanda kwa kiasi hicho. Watu walikufa na mchele ungali sokoni.

Ni dhahiri basi kwamba wingi wa chakula nchini hauhakikishi kuwa kila kaya itapata mlo. Ndiyo maana India ilijenga utaratibu wa kuwagawia watu nafaka ya ruzuku, ambao leo ni mmoja kati ya mikubwa kabisa duniani.

Kununua na kuhifadhi

Kazi huanza shambani. Serikali hutangaza bei ya chini kwa mkulima, kisha Shirika la Chakula la India, lililoundwa mwaka 1965, pamoja na mashirika ya majimbo, hununua ngano na mchele kwa bei hiyo. Sehemu kubwa ya ngano hutoka katika majimbo kama Punjab na Haryana, ambako huvunwa kuanzia mwezi wa Aprili. Kutoka huko nafaka husafirishwa kwa treni hadi majimbo yenye upungufu.

Hapa ndipo sayansi inapohitajika, kwa kuwa punje ya ngano ni kitu hai. Hupumua: hutumia oksijeni na kutoa joto, mvuke wa maji na hewa ya ukaa. Nafaka iliyokauka hupumua polepole sana, lakini ikiwa na unyevu hupumua kwa kasi. Joto linaloongezeka huwastawisha fukusi na kuvu, na viumbe hao nao huzidisha joto na unyevu. Hivyo uharibifu hujichochea wenyewe. Kwa sababu hiyo nafaka hukaushwa hadi unyevu wake uwe takriban asilimia 12 hadi 14, magunia hupangwa juu ya vichanja ili yasiguse sakafu, na wadudu huuawa kwa gesi ya fosfini chini ya maturubai yasiyopitisha hewa. Aidha, nafaka iliyotangulia kuingia ghalani hupaswa kutangulia kutoka.

Hesabu ya mgawo

Sheria ya Taifa ya Uhakika wa Chakula ya mwaka 2013 inaruhusu mgawo kuwafikia hadi asilimia 75 ya wakazi wa vijijini na asilimia 50 ya wakazi wa mijini, yaani watu wapatao milioni 800. Kaya za kawaida zilizoandikishwa hupata kilo 5 kwa kila mtu kwa mwezi. Kaya maskini kupindukia hupata kilo 35 kwa kaya. Sheria ilipoanza, kilo ya mchele iliuzwa kwa rupia 3 na ya ngano kwa rupia 2. Tangu Januari 2023 nafaka hiyo hutolewa bure.

Kilo 5 kwa mwezi ni gramu 167 hivi kwa siku. Mchele wa kiasi hicho hutoa kilokalori zipatazo 580, ambazo ni zaidi kidogo ya robo ya mahitaji ya siku ya mtu wa wastani. Mgawo huziba pengo, wala si mlo kamili: kunde, mboga na mafuta lazima vitoke kwingine. Pia kaya ya watu 8 inayopata kilo 35 huambulia chini ya kilo 4.4 kwa kila mtu, pungufu ya kaya isiyo maskini kama yake. Kanuni iliyokusudiwa kumpendelea maskini inaweza kumpunja pale familia inapokuwa kubwa.

Makosa ya aina mbili

Kila utaratibu unaochagua watu hukabiliwa na makosa mawili: kumwingiza asiyestahili na kumwacha anayestahili. Tangu mwaka 1997, India ilipoanza kuwatenganisha maskini na wengine, makosa hayo yalizidi kuonekana. Uchunguzi wa Tume ya Mipango uliotolewa mwaka 2005 ulikuta kuwa asilimia 58 hivi ya nafaka ya ruzuku haikuzifikia kaya maskini zilizokusudiwa. Nyingine iliibwa njiani, nyingine ikaenda kwa wasiohusika.

Dawa iliyotumiwa baadaye ni mashine za kutambua alama za vidole, zilizowekwa katika maduka ya mgawo. Mashine hizo humzuia mtu kuchukua nafaka kwa jina la mwingine. Lakini mikono iliyozoea jembe na matofali huwa na alama zilizofutika, na wazee vilevile. Tena mtandao wa mawasiliano hukatika. Aidha, mashine haiwezi kumzuia mwenye duka anayepunja mizani baada ya kidole kukubaliwa. Kosa la asilimia 1 huonekana dogo katika karatasi, lakini kati ya watu milioni 800 ni watu milioni 8.

Makosa haya mawili hayana uzito sawa. Asiyestahili akipewa kilo 5, hazina ya serikali hupoteza fedha kidogo. Anayestahili akinyimwa, watoto hulala njaa. Kwa hiyo kipimo cha utaratibu wa mgawo hakiishii kwenye tani zilizo ghalani wala fedha zilizookolewa. Hupimwa pia kwa kuhesabu wale waliofika dukani na kadi zao halali, wakarudi nyumbani na mifuko mitupu.