Maziwa ya Moto na Swali la Mwanafunzi

Wasikilizaji, kila mtu hudhani kwamba kitu cha moto hukawia kuganda kuliko cha baridi. Walakini mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kisha kuyaacha yapoe. Yeye, akichelea kukosa nafasi katika jokofu, akayatia yangali moto, wakati uleule mwenziwe alipotia ya baridi. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yaliganda. Ya mwenziwe yalikuwa bado.

Mwalimu wake alimwambia amekosea. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, alijaribu tena kwa vyombo viwili vya maji, akaona vivyo hivyo. Ndipo akamwuliza mgeni wao, Dr. Denis Osborne wa chuo cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka, Osborne aliagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walitangaza habari zake kwa maandishi.

Hata leo wataalamu hawajapatana: wengine husema sababu ni mvuke upotezao maji, na wengine walipojaribu hawakuliona kabisa. Basi, enyi walimu, mtoto akiuliza, msimjibu kwa kicheko. Mpeni vyombo viwili sawa, maji kiasi kimoja na kipimajoto, ajaribu si mara moja, na kuandika ayaonayo.