Kabla hujaacha somo, uliza chuo kinataka nini

Niliacha Fizikia kwa dakika moja hivi. Nilikuwa Kidato cha Pili, muhula wa tatu, karatasi ya kuchagua masomo ikizunguka darasani. Mabeshte wangu wawili walikuwa wameshaweka Biashara. Mimi nilikuwa nimetoka kupata 19 kwa mia katika Fizikia, na mwalimu alikuwa amenisimamisha niisome hiyo alama kwa sauti darasa zima lisikie. Nikaweka Biashara, nikapitisha karatasi, kengele ikalia, tukaenda kula githeri.

Mimi ni mtoto wa Githurai. Nikiwa shule ya msingi niliona Thika Road ikichimbwa na kupanuliwa hadi ikazinduliwa 2012. Jioni tulikuwa tunasimama kando kutazama zile mashine mpaka mtu aitwe nyumbani. Tangu hapo, ukiniuliza nataka kuwa nani, jibu lilikuwa moja: injinia. Hakuna aliyeniambia kwamba uhandisi na Fizikia ni chanda na pete. Na mimi pia sikuuliza.

KCSE nikapata B. Nyumbani kukachinjwa kuku. Halafu nikaingia kwenye tovuti ya KUCCPS kutafuta uhandisi wa ujenzi, nikakutana na masharti: Hesabu, Kemia, Fizikia. B yangu haikunisaidia kitu. Nikaitwa kwa kozi niliyoijaza mwisho ili tu nafasi isibaki wazi. Mwaka wa pili nikaacha chuo. Sitakudanganya, karo ilichangia. Lakini pia sikuwa na uso wa kumwomba mjomba pesa kwa mara ya tatu, za kozi ambayo hata mimi mwenyewe sikuitaka.

Sasa sikiza vile mambo hufanya kazi, maana mimi nilijua nikiwa nimechelewa.

Kwa mfumo wa KCSE, digrii inataka gredi ya wastani ya C+ kuenda juu. Wengi wetu husimamia hapo. Lakini C+ inakufikisha langoni tu. Kila kozi ina masomo yake manne ya klasta, kila somo likiwa na pointi 12 ukipata A, jumla 48. Juu ya hiyo, kozi nyingi zina gredi ya chini kabisa kwa masomo fulani. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kupata B ile ile, mmoja aende kusomea uhandisi na mwingine abaki akipekua majina ya kozi usiku kucha.

Mifano? Udaktari unaangalia Biolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, halafu Kiingereza au Kiswahili. Digrii ya sheria inataka C+ ya wastani pamoja na angalau B ya Kiingereza au Kiswahili. Kwa hivyo wewe unayelala kipindi cha Kiswahili ukiota kuwa wakili, amka.

Kuna mtego mwingine. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani inahesabiwa kwa Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Ni afueni, kweli, lakini inaweza kukupumbaza. Somo lililokulemea linaweza kukosa kuonekana kwenye wastani wako, kisha likujie mbio kwenye klasta.

Kama uko kwa 8-4-4, KCSE yenu ya mwisho ni 2027 na masomo umeshachagua. Usilie. Tafuta kozi tatu unazozitaka, uandike masomo manne ya kila moja, uone ni yapi yanajirudia. Hayo ndiyo ya kuamkia alfajiri. Na ukipata kwamba somo fulani uliliacha, afadhali ujue leo, utafute kozi inayokubali masomo uliyo nayo, kuliko kugundua baada ya matokeo kama mimi.

Kama uko Gredi ya 9, karatasi yako ndiyo inakuja. Utachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Halafu masomo matatu ndani yake. Hata Hesabu si moja tena: walio STEM wanafanya ile nzito, wengine wanaweza kufanya ile nyepesi. Ukikimbia Hesabu ukiwa na miaka 15, hakikisha unajua unakimbia nini kingine pamoja nayo.

Dadangu yuko hapo. Wiki iliyopita aliniuliza, "Kaka, niweke Sayansi za Jamii? Marafiki zangu wote wanaenda huko." Nikamuuliza anataka kufanya nini maishani. Akasema nesi. Tukakaa mezani na simu yangu, tukatafuta masharti ya digrii ya uuguzi ya sasa: Biolojia na Kemia ziko hapo mbele. Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini Kemia siijui."

Hiyo sentensi naijua vizuri. Ndiyo iliyonipa Biashara.

Sikumwambia Kemia ni rahisi. Nilimwambia tuna mambo matatu ya kufanya kabla ya kujaza chochote. Kwanza, atenganishe somo na mwalimu: je, hapendi Kemia au anamwogopa anayeifundisha? Pili, amtafute nesi hapo zahanati ya mtaani amuulize kazi ikoje kweli, asije akawa anapenda sare tu. Tatu, tuangalie kama shule anazotaka zina huo mseto wa masomo, maana si kila shule inatoa yote.

Akishafanya hayo, akitaka bado Sayansi za Jamii, sawa, ni yake. Huko kuna walimu, mawakili na wanahabari, na si mkondo wa waliofeli. Ninachokataa ni achague kwa sababu ya mabeshte. Wale wangu wawili, sijui hata siku hizi wako wapi.

Karatasi bado haijajazwa. Jumamosi tunaenda zahanati.