Dola saba kwa mwezi, na bili nyingine zisizoandikwa

Hadi Aprili 2015, mkazi wa Kawangware aliyemtumia jirani yake shilingi 200 kwa M-Pesa alikuwa akizipitisha Ujerumani bila habari. Seva zilizohesabu fedha hizo zilikuwa huko, na ni mwezi huo Safaricom ilipozihamishia Kenya. Safaricom ilikuwa na ubavu wa kufanya hivyo. Kampuni ya vijana wanne wa Kinondoni au Kilimani, inayouza programu ya kusimamia stoku ya maduka ya dawa, haina. Programu yao inaishi Ireland, Frankfurt au Virginia, kwenye mashine wasiyoijua sura, kwa kodi inayokatwa kwenye kadi kila mwezi, tena kwa dola.

Soko la kodi hiyo lina matabaka mawili. La chini ni la mashine tupu. Amazon ndiyo iliyolifungua mwaka 2006, ilipoanza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data mwezi Machi na kompyuta za kulipia kwa saa mwezi Agosti. La juu ni la majukwaa: hapo hukodi mashine, unakodi mashine pamoja na mikono ya kuitunza. Heroku, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2007 na James Lindenbaum, Adam Wiggins na Orion Henry, ndiyo iliyoweka mtindo ambao wengine wote wameufuata. Google ikaja na App Engine Aprili 2008. Desemba 2010 Salesforce ikatangaza kuinunua Heroku kwa dola milioni 212, ingawa Heroku haikuwa na seva hata moja ya kwake. Ilikuwa, na bado iko hivyo, ikinunua jumla kwa Amazon na kuuza rejareja, faida yake ikitoka kwenye kazi inayoiongeza katikati.

Kazi yenyewe ni hii. Mtengenezaji anasukuma msimbo wake kwa amri moja. Jukwaa linatambua lugha iliyotumika, linakusanya maktaba zinazohitajika, linaifunga programu ndani ya kontena, yaani kifurushi kilichotengwa chenye kila inachohitaji, linaipa anwani na cheti cha usalama, kisha linaiwasha. Ikianguka, inainuliwa. Wageni wakiongezeka, unasogeza kitufe na kontena zinakuwa tatu badala ya moja. Mashine tupu ni nyumba isiyo na kitanda wala jiko. Hapa umekabidhiwa ufunguo na chai iko mezani.

Nyumba hiyo ina masharti yake, na lililowaumiza wengi ni moja. Heroku huiwasha upya kila kontena angalau mara moja kwa siku, na faili lolote lililoandikwa ndani yake hupotea. Kijana aliyezoea seva ya kawaida anahifadhi picha za bidhaa alizopakia mteja, kesho yake hazipo. Dawa ni kukodi ghala la faili mahali pengine. Hiyo ni bili ya pili, na mambo hayajaanza.

Sasa bei. Kwa DigitalOcean, mashine tupu yenye memori ya gigabaiti moja ni dola 6 kwa mwezi. Heroku kwa nusu ya memori hiyo hutoza dola 7 katika daraja la Basic, na dola 25 katika daraja la Standard ambalo kampuni yenye wateja hulihitaji. Anayelinganisha namba hizo peke yake atasema ni wizi. Mimi nasema si wizi. Tofauti hiyo inamlipa mtu wa kuweka viraka vya usalama kwenye Linux, wa kuhuisha vyeti, na wa kuamka saa nane usiku diski ikijaa. Fundi wa seva anayeaminika Dar es Salaam si rahisi kumpata, na ukimpata ukamfundisha, benki au kampuni ya simu itamchukua. Kwa timu ya watu wanne ambao wote wanaandika programu, dola 19 za ziada ni bei ya kutupwa.

Lakini bei ya kuanzia si bili. Programu ya maduka ya dawa inahitaji kontena moja la kuhudumia kurasa, dola 25. Inahitaji jingine la kazi za nyuma ya pazia, kama kutuma SMS na kuandaa ripoti za jioni, dola 25 tena. Inahitaji hifadhidata ya Postgres ya daraja la kazi, dola 50. Tumeshafika 100 kabla ya nakala ya majaribio, kabla ya ghala la faili. Mwishoni mwa 2021 dola hizo 100 zilikuwa takriban shilingi 11,300 za Kenya. Januari 2024 zilikaribia 16,000. Jukwaa halikupandisha hata senti. Shilingi ndiyo iliyoshuka, kabla ya kupata nafuu na kurudi karibu na 13,000 baadaye mwaka huo. Mwenye duka la dawa Nakuru naye hakuongezewa ada, kwa sababu ukimwongezea anarudi kwenye daftari. Juu ya hapo kuna VAT ya huduma za kidijitali kutoka nje, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania.

Kwa miaka mingi wengi hawakuyahisi haya kwa kuwa walikuwa hawalipi. Heroku ilikuwa na daraja la bure, na kizazi kizima cha wanafunzi wa kompyuta, kuanzia Buenos Aires hadi Dodoma, kilionyesha kazi zake za kwanza humo. Agosti 2022 kampuni ilitangaza kulifunga, ikitaja udanganyifu na matumizi mabaya, na tarehe 28 Novemba mwaka huo likafungwa. Badala yake likaja daraja la dola 5 kwa saa 1,000 za kugawana. Dola tano si fedha nyingi hata kwa mwanafunzi. Tatizo lilikuwa kadi. Kulipia mtandaoni nje ya nchi kulikuwa bado ni shughuli, na ilikuwa bahati tu kwamba Juni mwaka huohuo Safaricom na Visa walikuwa wameanzisha kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay. Wengine walihamia Render, Railway na Fly.io, majukwaa mapya yaliyokuwa yakiusubiri msafara huo kwa mikono miwili.

Bure ya majukwaa, ya zamani na ya sasa, ina tabia ya kulala. Heroku ilikuwa ikiizima programu ya bure isiyopata mgeni kwa nusu saa. Render huizima baada ya dakika 15. Mgeni akija, inaamshwa, na kuamka kunachukua muda. Kwa blogu hakuna neno. Kwa biashara ya Afrika Mashariki ni balaa, kwa sababu hapa mgeni wa kwanza wa asubuhi mara nyingi si mtu, ni kompyuta ya kampuni ya simu ikileta taarifa kwamba mteja amelipa. Inabisha hodi, inasubiri sekunde zake chache, haisikii jibu, inaondoka. Mteja ameshakatwa fedha, mfumo unasema hajalipa, na simu za lawama zinaanza. Mtaalamu wa Ulaya anayeandika mwongozo wa kutumia majukwaa haya hawazi jambo hilo, kwa kuwa kwake malipo ya kadi yanapita njia nyingine.

Kuna mlango mwingine ambao miongozo hiyo haiujui. Benki na kampuni za simu nyingi, kabla hazijaruhusu mfumo wako kuongea na wao, huuliza: anwani yako ya IP ni ipi? Wanataka namba moja isiyobadilika waiandike kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupita, na wengine hutaka kabisa njia ya siri ya VPN kati ya seva yao na yako. Jukwaa la wingu limejengwa kwa wazo lililo kinyume chake: kontena lako leo liko kwenye mashine hii, kesho kwenye ile, na anwani linayotokea nje hubadilika bila taarifa. Fomu ya benki ina kisanduku cha IP, wewe huna cha kuandika. Mwenye Heroku hulazimika kukodi huduma ya tatu inayopitisha mawasiliano yake kwenye anwani ya kudumu, na hapo bili inaota tawi jingine. Kwa VPN njia huwa nyembamba zaidi, na wengi huishia na mchanganyiko: programu kwenye jukwaa, na pembeni mashine tupu ya dola chache inayoongea na benki. Mashine hiyo ndogo, isiyo na mtunzaji, ndiyo inayoshika fedha. Ukitaka kuujua udhaifu wa kampuni changa ya malipo, anza kuuliza hapo.

Umbali nao una bei, ingawa haukatwi kwenye kadi. Mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 6,300, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 60, na kebo hazinyooki: zinashuka Mombasa, zinapanda Bahari ya Shamu, zinazunguka, na muda halisi unazidi maradufu. Ukurasa mmoja hausumbui. Kinachoua ni kuiweka programu bara moja na hifadhidata bara jingine, jambo linalotokea kirahisi mtu anapookota huduma za bure kutoka kampuni mbili. Ukurasa wenye maswali 30 kwa hifadhidata unavuka bahari mara 30.

Vituo vikubwa vya data vimesogea. Microsoft ilifungua Afrika Kusini Machi 2019, Amazon Cape Town Aprili 2020, Google Johannesburg Januari 2024. Kwa aliyeko Dar es Salaam kusogea huko si lazima kuwe ukaribu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika zote mbili upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Njia iliyokatika ndiyo hasa ya kwenda Afrika Kusini. Tena Cape Town ni ghali: Amazon hutoza huko senti 15 na ushee za dola kwa kila gigabaiti inayotoka, wakati Ireland ni senti 9. Nairobi na Mombasa kuna vituo vya data vizuri, Dar es Salaam kuna kile cha taifa cha Kijitonyama, lakini kinachouzwa humo kwa sehemu kubwa ni tabaka la chini, mashine bila mikono.

Mikono ya bure ipo. Mwaka 2013 kampuni ya dotCloud, jukwaa lililokuwa likishindana na Heroku, iliitoa hadharani teknolojia yake ya kontena, Docker, na teknolojia hiyo ikawa kubwa kuliko kampuni. Mwaka huohuo ikaja Dokku, programu huria inayoigeuza seva yoyote kuwa Heroku ndogo. Kamal, ya 2023, inafanya kazi inayofanana nayo. Ukiifunga programu yako kwa Docker, kuihamisha kutoka Frankfurt kwenda Kijitonyama ni kazi ya mchana mmoja. Data ndiyo haihamishiki hivyo. Mwanzoni mwa 2024 Google, kisha Amazon na Microsoft, waliondoa ada ya kutoa data kwa mteja anayehama. Ada ya kila siku imebaki.

Sheria nayo inaivuta data hiyohiyo. Ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ya Kenya ya 2019, zina masharti ya kuzipeleka taarifa nje ya nchi. Ya Rwanda ya 2021 ni kali zaidi, inataka zihifadhiwe ndani isipokuwa kwa kibali. Mwenye programu ya maduka ya dawa ana majina ya wagonjwa na dawa wanazomeza, na ni wateja wachache waliowahi kumuuliza seva iko wapi.

Wanaotetea kuondoka kwenye wingu hupenda kuitaja kampuni ya 37signals ya Marekani. Ilitumia dola milioni 3.2 kwenye wingu mwaka 2022, ikanunua seva za Dell kwa takriban 600,000, ikahama, na mmiliki mwenza David Heinemeier Hansson akakadiria kuokoa milioni 7 kwa miaka mitano. Hesabu ni sahihi, kwa 37signals, yenye wahandisi wa seva wa kwake na wageni wasiopanda na kushuka ghafla. Kampuni ya Kinondoni inalipa 1,200 kwa mwaka. Hesabu yake itageuka siku bili ya mwezi itakapolingana na mshahara wa fundi mmoja wa seva, na siku hiyo mstari mrefu kwenye bili utakuwa wa hifadhidata, si wa programu.